Kimya Huwa Ridhaa Baada ya Swali, Si Kabla Yake



Wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu wamewahi kukaa katika kikao cha posa, na wengine watakaa siku moja, inshaallah. Wanajua kwamba mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.) yanatutaka tumwulize binti kabla ya kumwoza. Mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla hutamka mwenyewe. Bikira, kwa haya zake, akinyamaza, kimya chake huhesabiwa kuwa ni idhini. Fundisho hili tunalirudia sana majumbani mwetu, lakini sehemu yake moja husahaulika: kimya kile kina maana kwa sababu swali limetangulia. Binti ambaye hakuulizwa hatuwezi kusema kwamba amenyamaza, kwa kuwa hakupewa nafasi ya kusema.

Juma hili tumeona tulichukue fundisho hilo tulitumie kupimia jambo la utawala ambalo limebishaniwa nchini Uingereza kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Nalo ni kuwawekea watu wa eneo zima meya mmoja mwenye madaraka makubwa bila kuwauliza kwanza kama wanamtaka. Tumechagua kisa cha Greater Manchester, kwa sababu ndicho kilichofungua njia kwa maeneo mengine, na kwa sababu hukumu yake si nyepesi kama inavyodhaniwa na pande zote mbili.

Greater Manchester ni eneo la kaskazini-magharibi ya Uingereza lenye halmashauri kumi: Manchester yenyewe, Salford, Bolton, Bury, Oldham, Rochdale, Stockport, Tameside, Trafford na Wigan. Wakazi wake wanazidi milioni 2.8. Miongoni mwao wamo Waislamu wengi, hasa katika Oldham, Rochdale, Bolton na jiji la Manchester, ambao wazee wao walitoka Pakistan, India na Bangladesh kwenda kufanya kazi katika viwanda vya nguo miaka ya 1950 hadi 1970. Kwa hiyo tunapozungumzia nauli ya basi, polisi wa mtaani au kodi ya halmashauri katika eneo hilo, tunazungumzia pia maisha ya familia zinazofanana na zetu kwa swala, kwa funga na kwa malezi.

Yafaa kwanza tueleze ni meya wa namna gani anayebishaniwa. Kwetu Tanzania meya huchaguliwa na madiwani wenzake. Miji mingi ya Uingereza nayo imezoea meya wa heshima, avaaye mkufu wa dhahabu na kufungua sherehe, huku kazi yenyewe ikifanywa na kiongozi wa halmashauri aliyechaguliwa na madiwani. Meya wa eneo ni mtu mwingine kabisa. Huyu huchaguliwa moja kwa moja na wapiga kura wa halmashauri zote kwa pamoja, na hupewa madaraka juu ya usafiri, mipango ya ardhi, nyumba, na katika Greater Manchester hata usimamizi wa polisi. Tena anaweza kuongeza fungu lake katika kodi ambayo kila nyumba hulipa kwa halmashauri. Basi si jambo dogo kuanzishwa kwa cheo cha namna hiyo juu ya vichwa vya watu.

Ilikuwa desturi kuwauliza wananchi kabla ya kufanya mabadiliko kama hayo. Wakazi wa London waliulizwa katika kura ya maoni ya Mei 1998, na asilimia 72 ya waliopiga kura wakakubali kuwa na meya pamoja na baraza la jiji zima. Cheo hicho ndicho alichokuja kukishika Sadiq Khan mwaka 2016, Mwislamu wa kwanza kukichukua. Mwaka 2004 watu wa kaskazini-mashariki waliulizwa kama wanataka baraza lao la eneo, na karibu asilimia 78 wakakataa. Serikali ikauacha mpango huo. Jibu lilikuwa chungu kwa waliouliza, lakini liliheshimiwa.

Tarehe 3 Mei 2012 ikawa zamu ya miji mikubwa kumi kuulizwa kama inataka meya wa kuchaguliwa moja kwa moja. Miji tisa ilisema hapana; Bristol peke yake ndiyo iliyokubali. Katika jiji la Manchester asilimia 53 ya waliopiga kura walikataa. Ndani ya eneo hilo hilo, watu wa Bury walikuwa wamekwisha kukataa mwaka 2008, na watu wa Salford walikuwa wamekubali Januari 2012. Kila mji ulijibu kwa ajili yake wenyewe.

Miaka miwili na nusu baadaye, tarehe 3 Novemba 2014, Waziri wa Fedha wa wakati huo, George Osborne, pamoja na viongozi wa halmashauri zote kumi walitangaza makubaliano. Eneo lingepewa fedha na madaraka kutoka serikali kuu, na kwa upande wake lingekubali kuwa na meya mmoja. Mazungumzo yaliyozaa makubaliano hayo yalifanyika faraghani, na kura ya maoni haikuitishwa. Wakazi waliodai waulizwe waliambiwa kwamba viongozi wao wamekwisha kukubali kwa niaba yao. Mei 2015 viongozi hao hao walimteua Tony Lloyd awe meya wa muda, akashika cheo kwa takribani miaka miwili kabla ya mwananchi yeyote kupiga kura. Februari 2016 kamati ya Bunge la Uingereza inayoshughulikia serikali za mitaa, ilipotazama makubaliano ya namna hii nchini kote, ilieleza kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyostahili katika hatua zake zote.

Haki inatutaka tuzisikilize hoja za waliofanya hivyo kabla ya kuwahukumu.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba viongozi wa halmashauri nao wamechaguliwa na watu, hivyo kukubali kwao ni kukubali kwa watu. Msomaji anayejua hukumu za wakala ataona mara moja udhaifu wa maneno haya. Wakala hana mamlaka kupita yale aliyopewa. Mtu aliyekupa wakala wa kukodisha nyumba yake hakukupa wakala wa kuiuza. Diwani hupewa kura ili asimamie shule, barabara na taka za mji wake. Kujenga juu ya halmashauri yake mamlaka mpya yenye kichwa kimoja, itakayodumu baada yake na baada ya wajukuu wake, ni jambo linalomlazimu arudi kwa waliomtuma.

Hoja ya pili ni kwamba meya angekuja kupigiwa kura, kwa hiyo wananchi wangepata neno lao. Ni kweli kwamba uchaguzi ulifanyika Mei 2017. Lakini kuchagua nani akalie kiti si sawa na kuamua kama kiti kiwepo. Tukirudi kwenye mfano wetu, ni kama kumchagulia binti mume, kumtangazia siku ya harusi, kisha kumwita kwa upole aseme anapenda rangi gani ya nguo. Ameulizwa, naam, lakini swali kubwa limerukwa.

Hoja ya tatu ni ya fedha, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Baada ya makubaliano yale, Februari 2015 ilitangazwa kwamba bajeti ya afya ya eneo, takribani pauni bilioni 6 kwa mwaka, ingesimamiwa huko huko badala ya kuamuliwa London. Viongozi wa kaskazini waliokuwa wakilia kwa miaka mingi kwamba kila kitu kinaamuliwa mji mkuu waliona mlango umefunguka. Nani angeufunga? Lakini Bwana Osborne mwenyewe alieleza mwaka 2015 kwamba hamlazimishi yeyote kuupokea mpango wa meya, ila naye hatakubali chochote kilicho pungufu ya hapo. Maneno haya yapimwe vizuri. Mwenye chakula akimwambia mwenye njaa, "Sikulazimishi, ila hutakula mpaka utie saini," saini hiyo ipo, lakini ridhaa iliyomo ndani yake ni nyembamba mno.

Na ilikuja kuonekana kwamba njia nyingine ilikuwepo. Watu wa Cornwall, kusini-magharibi kabisa ya Uingereza, waliletewa mpango wa namna hiyo Desemba 2022: meya wa kuchaguliwa moja kwa moja, pamoja na pauni milioni 360 zitakazotolewa kwa muda wa miaka 30. Halmashauri yao iliwauliza wakazi, na wengi wa waliotoa maoni wakakataa kuwa na meya. Mwaka 2023 halmashauri ikauacha mpango huo, ikachukua mwingine mdogo usio na meya. Walikosa fedha nyingi. Lakini walichokipata ni chao, na hakuna atakayewaambia kesho kwamba mambo yao yaliamuliwa wakiwa wamelala.

Hoja ya nne ni ya matokeo. Waungaji mkono husema: tazameni mambo yalivyokwenda. Hapa hatuna budi kukiri kwamba wana la kuonyesha. Andy Burnham, aliyechaguliwa mwaka 2017 na kurudishwa mwaka 2021 na 2024, ameyarudisha mabasi ya eneo lote chini ya usimamizi wa umma, jambo ambalo halikuwepo tangu mwaka 1986 sheria ilipowaachia wenye makampuni wajiamulie njia na nauli zao. Kazi hiyo ilianza Septemba 2023 katika Bolton na Wigan, ikakamilika Januari 2025, na Greater Manchester likawa eneo la kwanza nje ya London kufanya hivyo. Mama anayempeleka mtoto hospitali kwa basi haulizi sana meya alitoka wapi. Huuliza kama basi linafika. Hatuwezi kumlaumu.

Lakini je, matokeo mema hufuta deni la kutouliza? Hapa sira ya Mtume (s.a.w.) inatupa funzo ambalo twaona linafaa kutafakariwa na kila mwenye madaraka, awe Mwislamu au asiwe. Kabla ya vita vya Uhud, Mtume aliwataka shauri maswahaba. Rai yake ilikuwa kubaki Madina. Wengi, hasa vijana ambao hawakuwahi Badri, walitaka kutoka nje kukabiliana na adui. Aliifuata rai yao. Siku ile Waislamu walipata msiba mkubwa, akafa shahidi Hamza, ami yake Mtume (r.a.). Mtu wa dunia angesema: hayo ndiyo malipo ya kushauriana. Lakini aya ya Surat Aal Imran iliyoteremka baada ya msiba huo ilimwamrisha Mtume awasamehe, awaombee maghufira, na aendelee kuwataka shauri. Mashauriano hayakufutwa kwa sababu yalifuatiwa na maumivu.

Kama shura haibatiliki kwa matokeo mabaya, basi kutofanya shura hakuhalalishwi na matokeo mazuri. Mtu huulizwa kwa sababu ni haki yake kuulizwa, hata kama jibu lake huenda lisiwe sahihi. Mabasi mazuri ni sifa ya aliyeyaleta. Hayawi jibu la swali ambalo watu hawakuulizwa.

Tena kutouliza kuna gharama zake, nazo hujitokeza baadaye. Ya kwanza ilionekana siku ya uchaguzi wenyewe. Mei 2017 waliojitokeza kupiga kura walikuwa takribani asilimia 29 ya walioandikishwa. Bwana Burnham alishinda kwa asilimia 63 ya kura hizo, ushindi mkubwa usio na shaka. Lakini ukifanya hesabu utakuta kwamba aliyekabidhiwa cheo kile alichaguliwa na watu wasiofikia mmoja katika kila watano walioandikishwa. Watu ambao hawakushirikishwa kujenga nyumba hawana haraka ya kuingia ndani yake.

Gharama ya pili ilionekana katika mpango wa kutoza magari yanayochafua hewa, ambao serikali kuu iliziagiza halmashauri zipunguze uchafuzi nao ukaandaliwa kwa eneo zima. Ulikuwa uanze Mei 2022: pauni 7.50 kwa siku kwa teksi isiyotimiza masharti, pauni 10 kwa gari dogo la mizigo, pauni 60 kwa lori. Madereva wa teksi, na wengi wao ni akina baba wa familia za Kiislamu, pamoja na mafundi na wafanyabiashara wadogo walipaza sauti kwa nguvu kiasi kwamba mpango ulisimamishwa Februari mwaka huo, na mwishowe eneo likaruhusiwa kusafisha hewa bila kutoza. Hewa safi ni haki ya watoto wote, na madereva nao wana watoto wanaovuta hewa hiyo. Lakini mengi kati ya yale yaliyosemwa kwa hasira mwaka 2022 yangeweza kusemwa kwa utulivu mapema, kama watu wangezoeshwa kuulizwa.

Tumesema hukumu ya kisa hiki si nyepesi, basi tugeukie upande wa pili. Katika kura ya maoni ya mwaka 2012, ile ambayo Manchester ilisema hapana, waliojitokeza walikuwa takribani robo tu ya walioandikishwa. Robo tatu walibaki nyumbani. Hao waliulizwa wakanyamaza, na kimya chao kilikuja baada ya swali. Bila shaka wenye madaraka walioiruka hapana ile miaka miwili baadaye walijua kwamba imesemwa kwa sauti ndogo. Ni rahisi kupita juu ya neno ambalo wenyewe hawakutoka kulisema.

Hapa ndipo tunapotaka familia zetu zisimame kidogo. Twalalamika sana juu ya kutoshirikishwa. Uongozi wa msikiti ukibadilishwa, twauliza nani ametuuliza. Mtaa ukiamuliwa jambo, twauliza lini tumeitwa. Mara nyingine malalamiko hayo ni ya haki. Lakini mara nyingine mkutano uliitwa, tangazo lilibandikwa na likasomwa baada ya swala ya Ijumaa, na tukakusanyika watu kumi na wawili. Anayetaka kuheshimiwa anapouliza "mbona sikuulizwa?" na ajibu kwanza anapoulizwa. Kuulizwa ni haki, na kujibu ni amana.

Na tusiidhanie kazi hii kuwa ya mabaraza na mabunge peke yake. Inaanza kwenye mkeka wa chakula. Baba anayehamisha familia mji kwa sababu amepata kazi bora, akawaambia watoto siku lori la mizigo limefika, huenda amefanya uamuzi mwema. Kazi ni nzuri, shule ni nzuri, nyumba ni kubwa. Lakini mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyeng'olewa bila kuambiwa atakumbuka namna alivyong'olewa muda mrefu baada ya kuisahau nyumba ya zamani. Mama anayegawa urithi wa kazi za nyumbani kwa mabinti bila kuwasikiliza, wana wa kiume wanaouza shamba la mzee huku dada zao wakipata habari kwa majirani, kamati inayovunja jengo la zamani la madrasa usiku mmoja: wote hawa wanaweza kuwa na nia njema na hesabu sahihi, na wote wameanzisha jambo linalopungukiwa na kitu ambacho fedha haiwezi kukinunua baadaye.

Tunayasema haya kwa sababu mjadala wa Uingereza haujaisha; umepanuka. Desemba 2024 serikali ya sasa ilitangaza nia ya kueneza utawala wa meya wa eneo Uingereza yote, na muswada uliowasilishwa Bungeni Julai 2025 ulikusudia kumpa waziri uwezo wa kuunda mamlaka kama hizo hata pale ambapo viongozi wa halmashauri wameshindwa kukubaliana. Katika Greater Manchester angalau viongozi wa halmashauri waliulizwa. Katika mpango huu mpya hata wao wanaweza kupitwa. Ndivyo njia ya mkato ilivyo: aliyeipita mara moja huipata nyepesi zaidi mara ya pili, na kila mara anayeachwa nyuma ni mwingine. Inapoitwa ugatuaji wa madaraka, yaani kuyashusha kutoka juu kwenda kwa watu, twapaswa kuuliza inakuwaje mtu akabidhiwe madaraka kwa kulazimishwa kuyapokea.

Rai yetu, basi, ni hii. Meya wa eneo si jambo ovu kwa asili yake. London walimtaka wakampata, na huenda watu wa Greater Manchester nao wangemkubali kama wangeulizwa kwa uwazi na kuelezwa faida na gharama. Huenda wangekataa, na eneo lingeendelea kwa mwendo wa pole zaidi. Lolote kati ya hayo mawili lingekuwa bora kuliko kukadiria jibu lao. Mwenye madaraka anayeamini kwamba jambo lake ni jema hana sababu ya kuliogopa swali. Na mwananchi anayeamini kwamba sauti yake ina thamani hana sababu ya kulala siku swali linapofika.

Tumwombe Mwenyezi Mungu atujaalie viongozi wanaouliza kabla ya kuamua, na atujaalie sisi wenyewe, katika nyumba zetu, kuwa wa kwanza kuuliza na wa kwanza kujibu.

Wabillahi tawfiq.